Mstari wa Nne

Nekesa, mama,

Mko Nakuru wewe na mama yako, mnatafuta viatu na lile begi la magurudumu, nami nimebaki na ng'ombe wawili na karatasi nilizochomoa kwenye daftari la kamati ya maji. Najua mama yako atabishana bei na kila muuza viatu kama kawaida yake, kwa hivyo nina muda.

Sitakuandikia habari za neti ya mbu, wala jua la Lodwar, wala watu wa kukaa nao mbali. Mama yako ameshayasema mara tatu, na shangazi zako watapiga simu wayaseme tena. Hata ya kanisa nimemwachia mchungaji. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka tangu siku uliyopata barua ya kazi. Umeniona nikizungukazunguka zizini alfajiri, ukaniuliza, "Baba, una nini?" nikakujibu ni mgongo. Mgongo wangu hauna shida yoyote.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu Moraa alikukatia salamu kwa sababu yangu. Nilimfanya aamini kwamba ni wewe uliyeweka jedwali lililomfanya ampe mtoto wake maji mabaya. Si wewe. Ni mimi, kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu zote na miwani yangu machoni. Nimelitanguliza ili nisifike ukurasa wa tatu nikaogopa, nikaanza kukuusia uwe unakula matunda.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Kazi unayokwenda kuifanya huko, kuweka kwenye tovuti orodha za zahanati, ipi ina chanjo na siku gani, ndiyo kazi iliyonishinda mimi kwa visima sita.

Itabidi nianze na meno yangu, maana wewe umeyazoea hata huyaoni tena. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa stesheni ndogo upande huu wa Elementaita mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tulikunywa maji ya bomba la stesheni. Yalikuwa maji safi, hayana tope wala harufu, mama yangu aliyasifu kwa wageni. Meno yangu ya pili yalipotoka yalitoka ya kahawia, yana vishimo. Shuleni haikunisumbua kwa kuwa nusu ya darasa tulifanana. Nilikuja kujua nilipokwenda kutafuta kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Milimani. Meneja alisoma vyeti vyangu, akavipenda, tukaongea vizuri, nikacheka kidogo. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Kijana, kwani wewe hupigi mswaki?" Kazi nilipata, lakini ya stoo, huko nyuma kwenye mashuka. Baadaye nikaja huku machimboni Kariandusi, na hapo pia nikawekwa stoo. Tangu siku ya meneja nacheka mkono ukiwa mdomoni. Angalia picha yetu ya harusi: mama yako anacheka mpaka macho yamefumba, mimi nimebana mdomo kama mtu aliyeletwa na polisi.

Wakati ulipozaliwa, wataalamu walikuwa wameshatuambia ni floraidi, ile chumvi ya ardhini isiyoonekana, na kwamba humharibu mtoto meno yake ya pili yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya ufizi. Nikaapa wewe hutaionja. Miaka minane nilikubebea maji kwa baiskeli kutoka kisima cha Shuleni, mtungi wako peke yako, mvua na jua. Watu walinicheka njiani, "Baba Nekesa, huyo mtoto ni wa dhahabu?" Niliwaacha wacheke. Sijawahi kukuambia, lakini kila ukicheka huwa naangalia meno yako kwanza, halafu ndipo nauliza kilichokuchekesha.

Ndiyo maana nilikubali ukatibu wa kamati ya maji, kazi isiyo na mshahara na yenye kelele nyingi. Na mradi ule wa kupima visima ulipokuja, ukatuachia majibu pamoja na tovuti ndogo, nilijiona nimepata kitu cha kuwafanyia watoto wa watu wengine. Yule aliyeitengeneza alinipa neno la siri akaniambia, "Mzee, hakuna kuandika kodi za kompyuta hapa. Ni kubonyeza tu." Nilibonyeza. Unakumbuka nilichoweka mara ya kwanza? Picha ya karatasi ya majibu, imelala ubavu, na kidole changu kinaonekana pembeni. Ulinipigia simu kutoka chuoni ukicheka.

"Baba, picha si jedwali. Mtu wa simu ndogo atasomaje hiyo?"

"Atageuza simu."

"Ataenda zake. Sikiza. Andika kwa spredishiti, ile programu ya visanduku. Mstari wa kwanza ni vichwa, usiunganishe visanduku, usipake rangi. Save kama faili ya CSV. Halafu rudi kwa website, kuna mahali pameandikwa tables, bofya import."

Nikafanya. Nikakwama. Ukarudia. Hukupandisha sauti hata mara moja, na mimi ndiye niliyekufundisha kusoma saa kwa kelele. Kisha ukaniambia tovuti itanipa kikodi kifupi chenye mabano ya mraba, nisijaribu kukielewa, nikinakili tu nikibandike pale ninapotaka jedwali likae. Nilipofungua ukurasa na kuona visima vyetu vyote vimepangika kwa mistari, mtu anaweza hata kutafuta jina, nilimwita mama yako kutoka jikoni. Akaangalia akasema, "Ni nzuri. Na ng'ombe umewapa maji?"

Kabla hujakata simu uliniambia neno moja zaidi: "Baba, kila ukibadilisha kitu, fungua kwa simu ujifanye mgeni. Soma mstari kwa mstari mpaka mwisho." Nikakujibu, "Sawa, daktari."

Jedwali nililipanga kwa jinsi visima vilivyochimbwa. Shuleni, Kwa Setla, Kanisani, Mawe Mawili, Bondeni, na cha mwisho Akasia. Kando ya kila jina kulikuwa na siku ya kupimwa, kipimo cha floraidi, na safu ya mwisho kwa lugha ya kueleweka: kunywa, au kufua na mifugo tu. Kwa Setla na Bondeni yalikuwa ya kufua na mifugo. Mengine yalikuwa ya kunywa. Hakuna jambo rahisi kuliko hilo.

Ugomvi ulitoka kwa Mwenyekiti. Unajua kisima cha Akasia kiko kwenye shamba alilotoa yeye. Alinipigia simu wiki ya pili.

"Katibu, yaani mimi niko chini ya Bondeni?"

"Tumefuata mwaka wa kuchimba, Mwenyekiti."

"Nilitoa shamba mimi. Sasa mtu akifungua hiyo kitu ataona nani kwanza?"

Wewe ungemjibu kwamba haijalishi. Lakini umekulia hapa, umeona watu wazima wakinuniana mwezi mzima kwa sababu jina la mmoja lilisomwa nyuma ya la mwingine kwenye programu ya mazishi. Nikafikiria usiku kucha, na asubuhi nikajiona nimekuwa mjanja. Nitapanga kwa alfabeti. Akasia inaanza na A. Mwenyekiti atakuwa juu, na wengine hawana la kusema, maana alfabeti haina kabila.

Nilifungua spredishiti, nikachagua safu ya majina, nikabofya panga. Kompyuta ikaniuliza kama nataka safu za jirani zipangwe pamoja na hii, au niendelee na hii niliyochagua. Nekesa, nimekaa na swali hilo mwaka mzima sasa. Niliona neno "endelea" nikalibofya, kwa sababu nilitaka kuendelea. Majina yakajipanga vizuri sana. Vipimo na matumizi vikabaki palepale vilipokuwa, kama mwalimu aliyehamisha wanafunzi madawati akaacha mabegi yao.

Ubaya wa kosa lile ni kwamba lilikuwa dogo. Akasia ikaangukia mstari wenye neno kunywa, na kweli ni ya kunywa. Bondeni ikakutana na kufua, ambayo ni haki yake. Kanisani, kunywa, sawa. Nilifungua ukurasa kwa simu, nikasoma mistari hiyo mitatu, nikaona Mwenyekiti yuko juu, nikafunga. Ningesoma mmoja tu zaidi. Mstari wa nne ulisema: Kwa Setla, kunywa.

Mwenyekiti alinipigia jioni. "Sasa hiyo ndiyo kazi, Katibu." Nilifurahi, nisikufiche.

Jedwali likakaa hivyo zaidi ya mwaka na hakuna aliyesema neno. Nilidhani ni dalili kwamba liko sawa. Kumbe hakuna mwenyeji aliyelisoma. Nani hapa anahitaji tovuti kumwambia habari za maji ya Kwa Setla? Tunayajua tangu tukiwa watoto, kila mama humwambia bibi harusi mpya siku ya kwanza. Jedwali halikuwa la wenyeji hata kidogo. Lilikuwa la mgeni, mtu ambaye hana wa kumwambia, na hilo sikulifikiria siku moja. Huko uendako wenyeji watajua zahanati gani hufungwa Ijumaa. Wewe utakuwa unamwandikia yule aliyeshuka jana akiwa na mtoto mwenye homa.

Mgeni wetu alikuwa Mwalimu Moraa. Alikuja muhula wa pili mwaka juzi, akapanga ile nyumba ya mawe karibu na Kwa Setla, Kemunto wake akiwa ndiyo anaanza kutembea. Alikuwa amesikia kwamba maji ya huku yana shida, akatafuta kwenye simu, akapata tovuti yetu, akashukuru Mungu kwamba kisima kilicho mlangoni pake ni cha kunywa. Alikuwa mwangalifu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtu mzembe angeuliza jirani tu, akapona. Yeye alisoma, akapiga na picha ya ukurasa akaihifadhi. Na maji aliyachemsha kila siku, bila kujua kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi.

Nilikutana naye mferejini Kwa Setla mwezi wa tatu mwaka jana, nilikuwa napeleka ng'ombe. Alikuwa anajaza mitungi miwili.

"Mwalimu, leo ni siku ya kufua?"

"Hapana, Baba Nekesa, hii ni ya kunywa."

"Ya kunywa? Nani alikwambia?"

"Si ni kwa website yenu."

Hapo ndipo palikuwa na dakika moja ambayo mtu angenisaidia kuipata tena ningempa shamba. Ningesema, "Mwaga hayo, Mwalimu, kuna kosa." Badala yake nilisema, "Unajua ya Shuleni ni tamu zaidi. Jaribu ya Shuleni." Nikasukuma ng'ombe nikaenda zangu.

Nilipofika nyumbani nikafungua jedwali, nikauona mstari wa nne. Nikalirekebisha kwa dakika kumi. Nikasoma mistari yote sita kwa sauti, mara mbili. Na nikakaa kimya. Hakuna alama iliyobaki, tovuti haikuonyesha kwamba iliwahi kusema jambo lingine. Nilijiambia kwamba kosa limekwisha kwa kuwa halionekani tena.

Lakini Mwalimu hakuwa mjinga. Neno langu la mferejini lilimkaa. Akafungua ukurasa, akaona Kwa Setla imeandikwa kufua na mifugo tu, akatoa ile picha yake akalinganisha. Wiki iliyofuata akaja kwenye kikao cha kamati akiwa na simu mkononi na Kemunto mgongoni. Hakupiga kelele. Aliweka simu mezani, akasema, "Mtoto wangu amekunywa hii maji karibu mwaka. Nataka tu kujua ni nani aliandika."

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, nani aliweka hii kitu?"

Nikasema, "Mambo ya mtandao, Nekesa wangu ndiye anayajua. Yeye ndiye alinionyesha kuweka."

Lichambue neno kwa neno, hutapata uongo ndani yake. Unayajua mambo ya mtandao. Ulinionyesha. Nilipanga tu maneno ya kweli mahali yasipostahili kukaa, na nikawaacha wasome wenyewe. Wakasoma. Mwalimu akasema, "Yule msichana wa chuo?" Nami sikusema hapana.

Halafu nikafanya lililo baya zaidi. Nikasema, "Naomba msimwambie kitu, ana mitihani. Nitaongea naye mwenyewe nyumbani." Mwenyekiti akanisifu mbele ya watu kwamba mimi ni mzazi mwenye busara. Nikapokea sifa hiyo, nikarudi nyumbani nayo, nikala chakula nikalala. Ndiyo sababu hakuna aliyekuja kukugombeza. Niliwaomba wote wakae kimya kwa ajili yako.

Ulimaliza chuo mwezi uliofuata, ukarudi. Likizo za nyuma ulikuwa ukimchukua Kemunto, unamsuka vile vinywele vifupi visivyosukika. Sasa ukamsalimia Mwalimu dukani, akageuka akaangalia sukari. Ukaja ukaniuliza, "Baba, kwani nimemkosea nini Mwalimu?" Nilikuwa nakunywa chai. Nikakujibu, "Walimu huchoka." Ulikaa mwaka mzima hapa ukitafuta kazi, na ulipomwomba Mwenyekiti barua ya kukupendekeza, akakuambia kwanza ujifunze kuwa makini. Ulilia siku ile. Ulidhani anasema kuhusu alama zako za chuo. Mimi nilijua anasema kuhusu nini, nikakuambia usimjali, ni mzee.

Daktari wa meno alimwambia Mwalimu asubiri. Meno ya mbele ya Kemunto, yale ya kudumu, yatatoka akiwa na miaka sita au saba. Huenda yakatoka meupe. Huenda yakatoka kama yangu. Hakuna dawa ya kunywa sasa, ni kungoja tu, na kila nikimpita yule mtoto njiani naona ana miaka miwili na kitu, naanza kuhesabu miaka. Akicheka nageuza uso.

Nekesa, nilikuwa nataka kukupa wosia hapa, jinsi wazazi wanavyofanya. Nikaanza sentensi tatu nikazikata, unaona hapo juu zilivyochafuka. Sina ninalojua zaidi ya haya niliyoyafanya. Kwenda mbele kidogo na kusoma mstari wa nne kungekuwa mchezo. Kusema mferejini kungekuwa aibu ya siku moja. Kusema kwenye kikao kungenitoa ukatibu. Kila mara bei ilikuwa inapanda, na kila mara nilikuwa nasema nitalipa baadaye, mpaka mwishowe aliyelipa ukawa wewe.

Nikisoma nilichoandika naona kinanifanya nionekane mtu mkweli, na mtu wa kwanza ninayepaswa kumwambia yuko umbali wa mashamba mawili kutoka hapa. Naacha kalamu kidogo.

Nimerudi. Niliondoka saa nane na nusu, sasa ni saa kumi kasoro.

Mwalimu alikuwa nyumbani, anasahihisha vitabu vya watoto wa nasari, Kemunto chini anapanga vifuniko vya chupa. Aliponiona aliinuka kunipa kiti.

"Kaa, Baba Nekesa."

"Nikikaa sitasema, Mwalimu."

Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilisema yote: alfabeti, "endelea", mferejini, kikao. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kushika ile kalamu nyekundu bila kuandika.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ile siku ukiwa na ng'ombe. Eti ya Shuleni ni tamu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Jedwali nilikuwa sijaliona. Maji niliyajua."

Akafunika kalamu. Halafu akasema, akiangalia vitabu, "Yule msichana amenisalimia mara nyingi. Hakuchoka. Siku moja alikuwa amemletea Kemunto ndizi. Nikamwambia mtoto asichukue, akiwa amesimama hapo hapo anasikia." Hukuniambia hilo la ndizi, Nekesa. "Nimemchukia mtoto wa mtu mwaka mzima," akasema, "na wewe mwenyewe ulikuwa unaniangalia tu."

Sikuomba msamaha kwa maneno mengi maana niliona ningekuwa namwongezea kazi nyingine. Yeye naye hakunipa. Alisema habari ya meno tutaijua yakitoka, na kwamba hawezi kuniambia ni sawa ilhali yeye hajui kama ni sawa. Nilimwambia nitasimama kwenye kikao cha Jumamosi niseme mbele ya wote, na nitaacha ukatibu wakitaka. Akaitikia kwa kichwa.

Nilipogeuka kuondoka akaniuliza, "Nekesa anajua?"

"Nimemwandikia barua. Nitaiweka ndani ya begi chini ya nguo, ataiona akifika Lodwar."

Akacheka, kicheko kisicho na furaha.

"Mzee, kwa hivyo hata hii unataka kuirekebisha kimya kimya."

Nilitembea nikirudi na neno hilo. Nilipofika sikushika kalamu kwanza. Nilifungua tovuti kwa simu, nikaandika chini ya jedwali, mahali kila mtu anaweza kusoma: kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima jedwali hili lilisema maji ya Kwa Setla ni ya kunywa, kwamba hayakuwa ya kunywa, kwamba aliyeyanywa pamoja na mtoto wake aende akaonane na daktari wa meno, na kwamba aliyekosea ni katibu wa kamati. Nikaweka majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mwanzoni niliandika pia kwamba Nekesa hakuhusika. Nikayafuta maneno hayo, kwa sababu jina lako halikuwa na haki ya kuwa kwenye habari hii tangu siku ya kwanza. Halafu nikafungua ukurasa kama mgeni, nikausoma wote mpaka mwisho. Mwenyekiti ameshapiga simu mara mbili. Sijashika.

Mama yako naye hajui. Ukimaliza utaamua kama umpe asome au mimi nimwambie mwenyewe. Kama utataka kulala kwa shangazi yako Gilgil leo, na gari la kesho asubuhi likuchukue huko, nitakubebea begi mpaka barabarani, nisiseme neno.

Lakini barua hii haiingii begini. Nimekaa sebuleni, nimekizungusha kiti cha pili kikaangaliana na changu. Ukiingia nitakupa mkononi, utasoma hapa, na mimi nitabaki nimeketi mbele yako. Nitatamani sana kwenda kuangalia ng'ombe. Sitaenda. Utakaponyanyua macho kutoka mstari huu, niangalie.

Ni mimi, baba yako.